Mlango wa Chumba cha Mafaili

Bujumbura, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba hii ikukute macho yameacha kuwasha na daktari amekuruhusu kusoma. Kama bado, Mama akusomee, ila aruke pale nitakapotukana. Na yeye mguu wake vipi? Bado anapanda ngazi za msikitini mwenyewe?

Mimi mwili ni mzima, Baba, lakini kwa wiki mbili nimekuwa kama mtu aliyemeza nzi. Kazi ile niliyokusifia kwenye simu sinayo tena, na nataka ujue sababu kutoka kwangu.

Unakumbuka nilikuambia lile jengo la ofisi kila kitu chake kimeunganishwa na intaneti: taa, viyoyozi, lifti, milango. Mkuu wa jengo, wanayemwita Patron, anakaa mtaa wa Kiriri, juu kilimani, na akiwa barazani kwake anafunga na kufungua milango ya mjini kwa simu. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa nyaya zake zote. Nilijiona nimefika.

Mwezi uliopita aliniita. Wafanya usafi, alisema, wanatoka kila saa kwenda kupumzika kwenye ngazi. Akaniamuru niondoe vile vitufe vya ndani, vinavyofungua mlango bila kadi. Nilimwambia ni hatari. Akacheka. "We fundi, kazi yako ni bisibisi." Nikaviondoa, Baba. Kumi na vinne, kwa mkono wangu, nikaziba matundu yake na plasta vizuri kabisa.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa chini nakagua jenereta. Kadi za wafanya usafi siku hiyo hufa saa sita mchana, na viyoyozi hujizima. Kama saa saba nilipanda ghorofa ya tatu, nikasikia mlango unapigwa. Ni ule wa chumba cha mafaili, kisicho na dirisha. Ndani alikuwa Mama Espérance, mjane wa mtaa wa Bwiza, umri wake ni kama wa Shangazi. Alichelewa kumaliza, kadi ikamfia mkononi.

"Mutoto yangu, fungula. Mi nakosa pumzi."

Kadi yangu haikukubali; ilikuwa ya vyumba vya mitambo tu. Nikampigia Patron.

"Niko naona hapa ku telefone," akasema, na nyuma yake nasikia vijiko na watu wakicheka. "Iyo chumba iko tupu. Apana mutu."

"Patron, namsikia. Anagonga."

"Sisitemu inasema apana mutu. Nyinyi munatafuta masaa ya ziada."

Jicho lile la darini, linalohisi mtu akijongea, lilikuwa limekingwa na kabati. Nilimweleza. Nikafungulia spika, nikaiweka simu mlangoni asikie mwenyewe. Akarudia tu, apana mutu. Akasema nisivunje kitu, maana wageni wa kampuni iliyouza mfumo wanakuja wiki inayofuata. Akakata. Nikapiga tena mara tano, hakupokea.

Halafu kugonga kukakoma.

Nikaleta ngazi, nikang'oa ubao wa dari, nikaufuata waya wa sumaku inayoshika mlango na kuukata kwa koleo. Mama Espérance alikuwa chini, mgongo ukutani, kalowa jasho, na amejikojolea. Nilimwita akafumbua macho. Jambo la kwanza alilofanya, Baba, ni kutafuta tambara apanguse sakafu. Nilimnyang'anya.

Jumatatu Patron akaniwekea karatasi mezani. Ilisema mama yule alijificha chumbani kwa makusudi na mimi nimeharibu mali. Nitie sahihi, yeye afukuzwe, mimi nibaki.

"Sisaini."

"We ni mugeni hapa. Fikiri."

Alisema huku anachokonoa meno. Mshenzi yule, Baba.

Nikapanda kwa Madame anayeongoza ofisi ya bima, mpangaji mkubwa kuliko wote. Mafaili yale ni yake. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akashuka nami, akanipa kadi yake, akaingia chumbani, akasema nifunge; waya wa sumaku nilikuwa nimeshauunga asubuhi ile. Baada ya dakika chache akauliza kutoka ndani, "Kitufe kiko wapi?"

"Nimekitoa mimi, Madame."

Nilipofungua alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa, na nilistahili. Kisha akampigia Patron: vitufe virudi siku hiyohiyo na mama asiguswe, ama wapangaji wote wanahama.

Nilivirudisha vyote kumi na vinne. Wageni walipokuja, Patron aliwapitisha mlango kwa mlango, anavibonyeza kwa kidole na kusema usalama wa wafanyakazi ni wazo lake tangu mwanzo. Wakampigia makofi. Walipoondoka tu, akanifukuza. Yeye bado yupo palepale na simu yake.

Sasa nafunga nyaya za maduka hapa Bwiza, kwa mfanyabiashara mmoja mzee wa asili ya Oman. Chakula nakipata, usiwe na wasiwasi.

Jana Mama Espérance alikuja kwangu na sahani ya ndagala wa kukaanga, dagaa wa ziwa la huku. Nikamwomba radhi kwa vile vitufe. Alikula kwanza, taratibu, hakusema nimesamehewa wala la. Halafu akaniuliza:

"Siku ile, ulikuwa unanisikia kweli?"

"Nilikusikia, Mama."

"Mi nilisikia ile simu. Anasema apana mutu, apana mutu. Nikaanza kujigusa, nione kama niko."

Nilimshika mkono.

Nisalimie Mama, na kaka yangu mkubwa na mkewe, Shangazi wa pale kisimani, na mafundi wenzako wa zamani wa karakana ya reli. Ukipata nguvu ya kuandika, niandikie hata mistari miwili, hata ya kunigombeza.

Mwanao,
Rehema