Jina la Baba kwa Kijiwe cha Angani

Jumapili, Sekei

Nilikosea kumwambia mama. Nilikwenda kwake Maji ya Chai nikajisifu kwamba kile kijiwe kinachozunguka jua, tulichokiona na wanafunzi wangu kwenye picha za darubini, huenda siku moja tukaruhusiwa kukipendekezea jina.

Hakuuliza ni kikubwa kiasi gani. Aliendelea kumenya ndizi, akasema, "Kwetu wa kwanza hubeba jina la babu yake. Wajukuu umeninyima, basi hicho kipewe jina la baba yako."

Nikamweleza kwamba kuna kamati, na kwamba inaweza kuchukua miaka. Hapo nikajuta, maana mwaka huu amezeeka ghafla, na miaka hiyo sijui kama anayo.

"Wanangoja nini?" akauliza.

"Hakipewi jina, mama, mpaka waijue njia yake, waweze kusema kwa hakika kesho kitakuwa wapi."

Akaweka kisu chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Marehemu baba alikuwa dalali wa ng'ombe. Akiaga kwamba anakwenda mnadani, hakuna aliyejua atarudi lini.

"Kwa sheria hiyo," akasema, "baba yako angezikwa bila jina."