Muti Wetu Ndani ya Maji

Mujukuu wangu Mutale,

Jambo yako huko Lubumbashi. Hapa Nchelenge tuko wazima. Shangazi yako amezaa mutoto mwanaume, na samaki wamepungua.

Unaniuliza juu ya nini jirani yetu Mama Chanda alinuna siku ile ulipopiga upya kwa nyundo muti wetu, ile nguzo yetu kwenye uzio wa kuzuia mamba, pale tunapochota maji.

Nilipokuwa musichana, kila nyumba ilitunza muti wake. Baba alipiga wetu vizuri, akaufunga kwa kamba ya nyavu. Kando yetu kulikuwa mujane mwenye mikono migonjwa, na muti wake ukaoza. Tuliuona kila asubuhi, ndoo kichwani, tukasema ni wake. Mamba akapita hapo. Hakumukamata mujane. Alimukamata dada yangu.

Siku ile siiandiki. Kisha mazishi kwisha, muzee mumoja alisema tu: "Tangu leo mutu asiguse muti wake. Apige wa jirani."

Ndiyo maana Mama Chanda aliung'oa ule ulioupiga, akaupiga tena mwenyewe, akiniambia: "Huyu mutoto wako ananifukuza kazi?" Usikasirike. Mimi ninainama kuchota maji bila kuangalia uzio, kwa sababu yeye ameuangalia.

Ulipiga vizuri, lakini ule si wetu. Wetu wa kupiga ni ule wa jirani yetu muzee Kasongo, pale kushoto. Umeanza kulegea. Ukirudi, uje na nyundo.

Ni mimi kambo yako, mama ya baba yako.