Mamba, Nimekupigia Picha za Manowari Yako

Mamba mbaya,

Sikuiti marehemu. Marehemu ni mtu aliyerehemiwa, na kwa habari nilizo nazo bado hakuna aliyekurehemu. Mimi sijakurehemu.

Nakuandikia kutoka meza yangu hapa Ixelles, saluni za Matonge, mtaa wa watu wa kwetu, zikiwa zimefungulia muziki chini ya dirisha, na nina hasira nawe. Umekufa vibaya. Umekufa wiki ileile tuliyopanga kwenda kuiona manowari ya kweli kwenye makumbusho, tiketi za treni zikiwa tayari mfukoni mwangu, na umeniachia mtoto ambaye hukumfundisha kitu.

Samahani, ulimfundisha. Olivier anajua hesabu, anajua kuvua viatu mlangoni, anajua kusema bonjour kwa kila jirani. Lakini hukumwambia kwamba wewe ni wa ukoo wa Mamba na mimi ni wa ukoo wa Samaki. Hukumwambia kwamba kwetu Moba Mamba hazikwi kwa machozi peke yake, lazima Samaki asimame mbele ya watu amtukane, amwige anavyotembea, ataje uchoyo wake na majivuno yake mpaka waliofiwa wacheke. Ndivyo ilivyofanywa kwa mjomba wako, na mtani aliyemtukana alilia kuliko wote alipomaliza. Ulikuwepo. Mimi pia nilikuwepo.

Kwa hiyo nilipofika kwenye ukumbi wa parokia kule Saint-Josse nilijua kazi yangu. Nililichukua koti lako la kijivu kwenye msumari, nikalivaa, nikachechemea kwa mguu wako wa kushoto mpaka mbele ya jeneza, nikasema kwa sauti: "Mamba amekufa! Samaki, tokeni mkaoge! Huyu hapa aliyekuwa akituringia meno, kumbe meno yenyewe ni ya kununua!"

Maman Georgette, mtu wa kwetu, alicheka mpaka akajifunika kitambaa. Akaitikia inavyotakiwa: "Mutazame! Hata kufa amekufa na uvivu, amelala wa kwanza!"

Ningeendelea. Nilikuwa na mengi, nilikuwa nimeyakusanya miaka yote hii. Lakini mwanao, aniitaye tonton, yaani mjomba, alinishika mkono.

"Tonton, ça suffit, inatosha. Toka inje."

"Mutoto, wacha," Maman Georgette akamwambia. "Ule ni mutani wake. Ni kazi yake ile."

"Kazi gani? Kutukana maiti ni kazi?"

Akanitoa, Mamba. Mbele ya watu, kwa umri wangu huu. Nilisimama kando ya barabara, na baada ya muda akatoka tena, nikadhani anakuja kuniomba msamaha. Alikuja kuchukua koti. Akasema, bila kunitazama, "Na siku ya kuondoa matanga, usikuje." Sikuuona udongo ukikuangukia. Nilisikia wimbo kupitia ukutani, basi. Wimbo wenyewe uliimbwa vibaya.

Nikarudi nyumbani nikazikuta tiketi mfukoni. Nikasema, huyu amenikosesha mazishi, hatanikosesha na treni.

Unajua ninavyozichukia meli hizo. Nilikuambia kila Jumapili, wewe ukiwa umeinamia meza na mkasi wako wa kukatia bati, ukiunda manowari yako ndogo ya makopo, mimi nikikusomea kitabu changu ambacho ulijifanya unasikiliza. Nilisema: mtu aliyekimbia kwao kwa sababu ya bunduki anakaaje Ulaya akajenga mizinga? Nawe ulijibu bila kuinua kichwa: "Mizinga nitaiweka mwisho." Kisha ukauliza, kana kwamba nimekuwa nikizungumzia hilo, "Kwa mawazo yako, mlango wa jiko la meli unafungukia wapi?"

Tulibishana juu ya mlango huo mpaka tukanuniana. Ulisema unafungukia ndani. Ulinitajia miaka yako ya kuchomelea vyuma kwenye bandari ya ziwa, kana kwamba ferry zetu za kubeba mihogo zilikuwa manowari. Ukaniagiza: "Siku tukienda, wewe shika kamera, mikono yangu inatetemeka. Na usinipigie mizinga. Mizinga kila mjinga anaipiga. Nipigie bawaba."

Basi nilikwenda. Ni meli mbaya. Imefungwa gatini kama ng'ombe mzee, imepakwa rangi ya kijivu iliyo safi kuliko sahani zangu, na chini ya midomo ya mizinga yake watoto wanakula aiskrimu na wazazi wao wanawaambia watabasamu. Nilitembea ndani yake nikiwa nimekunja uso. Mabaharia walilala kwenye machela zilizobanana kama nguo kwenye kamba. Mahali pa risasi palikuwa pana, mahali pa watu palikuwa pembamba. Hilo halijaandikwa kwenye vibao vyao.

Nilipiga bawaba. Nilipiga vishikio vya milango, ribiti, vidirisha vya duara, mnyororo wa nanga pale unapoingilia kwenye chuma. Nilipiga magoti, mtu mzima, ili nipate upande wa chini wa ngazi, kwa sababu nilijua ungeniuliza upande wa chini. Mzee mmoja wa makumbusho, mwenye nishani kifuani, alinijia akaniuliza kwa upole kama nimepotea. Nikamwambia, "Hapana, bwana. Nimetumwa na maiti." Hakunisumbua tena.

Sikupiga mzinga hata mmoja. Kama ulitaka mizinga ungebaki hai ukaja mwenyewe.

Halafu nikafika jikoni. Mlango ulikuwa wazi, umeshikizwa kwa ndoana ili watalii wapite. Mamba, unafungukia nje. Nje! Nilishika kishikio chake nikaucheka mlango ule mbele ya Wazungu. Nikageuka kukuambia.

Sitaandika zaidi juu ya mlango.

Niliporudi nilizitoa picha zote kwenye karatasi, nikazipeleka kwako Saint-Josse, kwa sababu nilijua Olivier anahamisha vitu vya nyumba. Sikwenda kupatana naye. Nilikwenda kukuletea ulichoagiza, na kumwambia kijana huyo kwamba siku ya kuondoa matanga nitakuja, apende asipende, na kama atanitoa tena itambidi anibebe.

Alifungua akiwa ameshika mkanda wa kufungia makatoni. "Ah. Ni weye, tonton." Nyuma yake manowari yako ilikuwa mezani, haina mizinga, ina matundu tu mahali pa mizinga, na pembeni yake mfuko mweusi wa takataka ukiwa umefunguliwa.

Niliziweka picha mezani. Akazitazama, moja, nyingine, nyingine tena.

"Ni nini? Ni milango tu."

"Baba yako aliitaka milango."

"Bon." Akaendelea kuzitazama. "Donc, ulienda kule mbali, weye muzee, kupiga milango. Juu yake." Akaigeukia picha yako ukutani, ile uliyopigwa ukiwa umenyoa vibaya. "Na weye! Kila Jumapili na hii bati yako! Ulijua milango ya meli kuliko alama za bulletin yangu ya masomo! Tulikula sardini kila siku ya Mungu juu upate makopo. Kila siku! Kwenye masomo walikuwa wananiita Sardini, baba, na weye ulisema nini? Ulisema, 'Leta ile kopo, usiikunje!'"

Alikuwa anapiga kelele. Nilikaa kwenye katoni nikasema, "Endelea."

"Endelea nini?"

"Umeanza vizuri. Tembea kama yeye. Mguu wa kushoto."

Akanitazama kama mtu aliyeona mwehu. Ndipo nikamweleza ulichopaswa kumweleza wewe, mvivu. Nikamwambia kwamba kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mama yake Béatrice, Mungu amweke pema, alikuwa Samaki. Kwa hiyo yeye ni Samaki kama mimi. Ni mtani wa baba yake mwenyewe tangu siku aliyozaliwa, na siku ile pale ukumbini, wa kwanza kusimama mbele ya jeneza na kukutukana angekuwa yeye, mimi nimfuate.

Mkanda ulikuwa umemnasa vidoleni.

"Alors, nilikufukuza," akasema, "juu ulikuwa unafanya kazi yangu?"

"Ndiyo."

Alicheka kwanza. Kilichofuata si kicheko, na sitakueleza, hukustahili kukiona. Alipojifuta uso aliukunja mfuko mweusi, akaurudisha chini ya sinki, akaniuliza kama kuna maneno maalumu. Nikamwambia hakuna, ukweli unatosha.

Kwa hiyo sikiliza, Mamba. Jumamosi tunaondoa matanga. Olivier atasimama wa kwanza, kwa Kiswahili chake kilichovunjika, na nimemwambia asikitengeneze. Mimi nitafuata. Maman Georgette anapika na tayari amenoa ulimi. Tutakutaja mbele ya watu wote jinsi ulivyokuwa: mchoyo wa maneno, mbishi, mkaidi wa milango. Nakuahidi hatutakuficha hata doa moja, na nakuahidi nitamaliza nikiwa nimesimama, nisilie kabla ya sentensi ya mwisho.

Basi, kwaheri, lakini sikutakii pumziko bado. Pumziko utalipata Jumamosi, tukimaliza nawe.

Samaki wako