Sindano Aliyochomwa Okech

Mombasa, Jumapili

Mama yangu, Nyar Karachuonyo, binti wa Karachuonyo,

Umeamkaje huko Magunga? Goti lako linatulia au bado linakusumbua mvua ikikaribia? Dani, nyanya yangu, anakula? Mimi mwanao mzima kama ngiri wa mbuga ya Ruma, isipokuwa mkono wa kushoto, na habari za mkono zinakuja. Akoth, wewe dada yangu unayemsomea Mama, soma yote. Usiruke mahali ninapojisifu, hapo ndipo patamu.

Mama, ile safari ya Omani imeiva. Kampuni yetu ya kuchimba visima inapeleka watu sita na mimi nimo. Fundi mkuu aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia, "Darasa la saba na nusu, lakini kule migodi ya Osiri nimechimba dhahabu chini kabisa na tochi moja mdomoni." Akacheka, akaandika jina langu. Sasa nina pasipoti. Picha nilipigwa na tai ya kuazima. Ukiiona utadhani ni DO wa wilaya amekuja kufungua baraza. Hata eksirei ya kifua nimepigwa, daktari hakuona kitu ila majivuno.

Ikabaki sindano ya homa ya manjano. Bila kadi yake, ndege hupandi. Nilienda na Chacha, yule rafiki yangu Mkuria wa Ntimaru tunayekaa chumba kimoja, naye yumo kwa wale sita. Njia nzima ananichokoza. "Wewe Mjaluo utalia leo. Sisi kwetu tunapashwa tohara mbele ya watu wote na jicho halipepesi."

"Babu yangu aling'olewa meno sita na hakusema hata aa," nikamjibu. "Na mimi mbung'o wameniuma tangu natembea uchi. Sindano ni nini?"

Chacha akaingia kwanza. Kuiona tu, akauliza, "Sista, hiyo si ya ng'ombe?" Kisha akaanguka kama gunia la mahindi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sista, mama mnene wa miwani, akanigeukia. "Wewe unayecheka, kaa hapa. Jina?"

Mama, sikuogopa. Nilikuwa naangalia ile ncha tu. Lakini mdomo ukajibu wenyewe, "Okech."

Si Boniface Odhiambo kama kwa pasipoti. Okech, lile la nyumbani, lile unaloniita nikijikata na panga. Akaandika, akachoma, akagonga muhuri. Mimi hata sikusoma. Niliitia kadi mfukoni nikatoka nimemshika Chacha kwapani. Siku mbili nilikuwa na homa, mkono umevimba, na Chacha ndiye aliyenipikia uji, wala hakunicheka. Ni mtu mzuri yule.

Juzi ajenti akakusanya karatasi zetu. Akaita, "Boniface, huyu Okech ni nani? Unasafiri naye?"

"Ni mimi."

"Basi Boniface hajachanjwa."

Nikakimbia kwa sista. "Sista, mkono si ndio huu! Bado unauma!"

"Mimi nilimchoma Okech," akasema. "Mkono hauna jina."

Baadaye alinihurumia. Akasema njia ni mbili. Ya kwanza, anichome upya, lakini kadi mpya haikubaliwi mpaka siku kumi zipite, na ndege inaondoka baada ya siku nane. Ya pili, nimletee barua ya chifu wetu, yenye muhuri na dole gumba la mzazi, ikisema Okech na Boniface Odhiambo ni mtu mmoja. Hapo atasahihisha.

Kwa hivyo sasa ni wewe, Mama. Na najua msimamo wako. Barua yako ya mwisho ilisema nisiende, jina nililobeba ni la mtu asiyerudi. Ni kweli. Baba mdogo Okech alienda kukata katani Tanga, homa ikamuua huko, akazikwa huko na watu wasiojua hata kwao. Mimi nilipozaliwa nikalia siku nne, ziwa sitaki, mpaka Dani akamwota marehemu anaomba mtoto apewe jina lake. Mkaniita Okech, nikanyamaza. Unaogopa nikivuka maji atapotea mara ya pili.

Lakini hebu fikiri. Yeye alienda bila kadi, bila sindano, bila mtu wa kumwandikia barua. Mimi ningesema Boniface siku ile, Boniface ndiye angekingwa. Sasa sista amemchoma Okech! Ameandikwa, amegongewa muhuri, homa ya manjano haimwezi miaka kumi. Kama ndiyo ile iliyomuua sijui, hata sista hajui. Ila safari hii haendi mikono mitupu.

Chacha ananiambia muhuri wa chifu unachongwa hapa nyuma ya soko, siku moja tu. Nimekataa. Mimi mjanja, wewe unanijua, lakini kwa hili sitaki ujanja. Nataka usimame mbele ya chifu useme hawa wawili ni mwanao mmoja, na umemruhusu aende. Apiyo, huyu muuza omena aliyekuletea barua, anapanda basi la kurudi Mombasa Alhamisi kutoka Homa Bay. Mpe karatasi ya chifu. Akija bila kitu sitakasirika. Nitambebea Chacha begi mpaka uwanja wa ndege, halafu nirudi kwenye visima vya huku.

Dani mwambie mume wake mdogo, yaani mimi mjukuu wake, anamtafutia shali ya Maskati, aache kuchumbiwa na wazee wa kanisa. Shemeji Ouko, mume wa Akoth, ashuke kwenye baiskeli yangu. Na mwalimu wangu aliyesema sitafika popote, mwombeni awaonyeshe Omani kwenye ramani, maana mimi mwenyewe sijaiona.

Ijumaa alfajiri nitakuwa stendi, namngoja Apiyo.

Ni mimi mwanao, mmoja tu,
Okech Boniface Odhiambo