Majaji Tisa na Ubani wa Babu

Kwa kaka yangu Saut,

Natumaini kifua kimepoa na wenzako wa chumbani wanakuachia nafasi ya kulala. Sisi hatujambo. Mama ni mzima kupita kiasi, na hapo ndipo taabu yangu inapoanzia.

Tumeshinda, Kaka. Juzi, kule Jakarta, Mahakama ya Katiba imeifuta sheria iliyokufunga kwa kugema ubani kwenye miti ya babu. Majaji watano walikubaliana nasi, wanne wakakataa. Wako tisa: watatu huteuliwa na Rais, watatu na Bunge, watatu na Mahakama ya Juu. Mama alikuwa akininong'oneza kwamba kuwapa watu wa Bunge sheria ya Bunge ni kumpa ngedere kesi ya nyani. Kumbe mmoja wao ndiye aliyesoma kwamba msitu wa ukoo si wa serikali. Mama alilia, akasema amemsengenya mtoto wa watu bure.

Nje, wakili wetu, Bibi Nainggolan, alinivuta pembeni. Alisema mahakama ile haihukumu watu, inahukumu sheria, na hukumu yake hairudi nyuma. Atakayegema kesho hafungwi. Aliyekwisha kufungwa anamaliza kifungo chake. Nikamuuliza, sasa sisi tulifuata nini huku? Akanijibu kwamba tumewaokoa wengi. Nilimchukia, Kaka, wala hana kosa.

Kijijini wamechinja nguruwe. Jirani yetu Jahormat, aliyekuwa akituita ukoo wa wezi, ameshapanda msituni na kisu chake cha kugemea, anarudi akiimba. Mama anamtania: "Gema weee, ila miti ya Saut usiiguse, mwenyewe yuko njiani!" Watu wanacheka. Mimi sina pa kuuweka uso.

Sijamwambia. Kila nikianza, naishia kuzungumza mengine. Amekufumia shuka la ulos akuvike mabegani mlangoni pa gereza, kama wanavyovikwa wanaotoka salama kwenye balaa, na Jumamosi anakuja kukuchukua. Nimemkatia tiketi ya basi kwa mkono wangu, huku nikijua una miaka minne mbele yako. Nimeshindwa, Kaka. Mwambie wewe.

Shangazi na wanawe wanakusalimu sana. Mungu akutie nguvu siku hiyo, na mimi unisamehe ukiweza.

Dada yako mwenye kukuonea haya,
Rumondang