Mshahara wa Mwalimu wa Mazoezi

Songea, 14 Septemba 1994

Dada yangu Getruda,

Shikamoo. Huku mvua bado, ila maua niliyopanda kwenye kaburi la mke wangu yameshika. Nayamwagilia kila Jumapili nikitoka misa.

Bado nafundisha mazoezi ya viungo ukumbini. Wanaokuja ni wake wa wafanyabiashara, wanataka kupunguza mwili. Juzi mmoja alinitania, "Mwalimu, tunalipa sisi, unakonda wewe!" Wakacheka, nami nikacheka. Mshahara ni uleule wa mwaka jana, lakini bei ya debe la mahindi imepanda mara mbili, na shule nayo imeanza kudai ada. Marehemu Lidwina alizoea kunikwangulia ukoko wa ugali, akisema ndiyo nguvu ya mwalimu. Siku hizi namwachia mtoto, na bado analala na njaa.

Dada, barua hii unaletewa na jirani yangu, Mama Zulfa, anayerudi kwao Tunduru. Huyo aliyemshika mkono ni Careen wangu. Nimemwambia anakuja kumsalimia shangazi yake tu. Zaidi ya hapo nilishindwa kusema. Sijui lini nitaweza kumfuata.

Akishazoea huko, usiache kumtajia jina langu.

Mdogo wako,
Amedeus