Uso wa Ukubwa wa Kifungo

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie kabla ya baridi ya huko. Mimi mzima, magoti tu yananilalamikia nikikanyaga cherehani mchana kutwa. Kile kikohozi kimekuacha? Unakula? Usiniambie "nakula, Mama" halafu mjomba wako arudi na lori lake aniambie kola za mashati yako zimekuwa kubwa.

Naandika kwa mkono, nivumilie na hizi herufi. Simu yangu sikio lake limekufa, inaongea kwa sauti ya nje tu. Ukisema "Mama" mtaa mzima unaitika.

Bahasha ya michoro ya nembo ya duka nimeipata. Nimeilaza juu ya meza ya kukatia siku tatu nikiitazama kila nikipita. Ule mchoro wa mkasi hapana, ulivyopanuka unafanana na mtu aliyeteleza. Wa cherehani una vitu vingi, kwenye kibao hautasomeka. Chukua ule wa sindano ndani ya duara. Huo hata mimi nimeuelewa, na shule yangu unaijua iliishia wapi.

Lakini hao watu uliowatuma wa kuweka kwenye tovuti ya duka, mwanangu, ni kina nani? Unasema picha zao zinauzwa huko mtandaoni, mtu yeyote ananunua. Yule mwanamke mwenye meno anakata kitambaa na hereni zinamgusa mabega. Mkasi kaushika kwa ncha za vidole, hajawahi kukata hata uzi. Na yule kijana aliyejivika futi ya kupimia shingoni, shati halina mkunjo. Mteja akija akamwulizia nitamjibu nini? Sitaki watu wasioujua mlango wangu.

Kwa hiyo nimemwita mpiga picha wa jirani, yule wa picha za vitambulisho, akapiga hapa hapa dukani. Zote ziko kwenye hiki kikadi kidogo. Za nguo tumia utakavyo. Za watu ziache, nimekuomba.

Mama yako

12 Machi

Mama,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha na nakula, muulize mjomba. Magoti uyapumzishe, tafadhali.

Sindano ndani ya duara imekubaliwa, ndiyo nembo yako sasa. Picha za nguo ni nzuri, ingawa sare kwenye henga zinaonekana kama watu waliokatwa vichwa. Ndiyo maana nataka uso. Mtu akifungua ukurasa macho yake yanatafuta uso kwanza, Mama, hii ndiyo kazi yangu, niamini. Na mkuu wa ile shule mpya amesema atafungua tovuti yako mwisho wa mwezi kabla hajaamua nani amshonee sare. Hatuna muda wa kuona haya.

Na uso nimeupata. Picha ya kumi na nne, yule dada aliyekaa dirishani anatarizi kola, amecheka kama mtu aliyesahau kuwa kuna kamera. Sijawahi kuona picha ya namna hiyo, hata za kununua. Nimekuchapishia ukurasa kwenye karatasi uone atakavyokaa, mbele kabisa, mkubwa.

Ni nani huyo? Hukuniambia umepata mwenzako.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Sikuanza na salamu, nisamehe. U mzima? Haya.

Mtoe huyo. Kama umeshamweka mahali, mtoe kabla hujamaliza kusoma mstari huu, kisha urudi tuendelee.

Nilikosa mwenyewe. Ningekwambia tangu mwanzo usingeniona nina haya. Lakini nilimwapia sitasema, na duka lenyewe unalijua, chumba kimoja cha kushonea, yeye yuko hatua mbili kutoka nilipo. Sasa hivi naandika nimegeuza kiti, anafikiri nahesabu vifungo.

Namwita Mgeni. Alikuja mwezi wa kumi na moja kurekebisha gauni, akaniambia nilishone mkono ulipochanika. Nikauona ule mkono. Kitambaa hakichaniki vile kwa kukwama mlangoni. Nikamwuliza anarudi wapi na gauni likiisha, akatazama sakafu. Basi hakurudi. Analala kwangu, chumba cha nyuma ya duka. Ana mume, na huyo mume alimwambia ataendelea kumtafuta hata akizeeka. Mara mbili alishatoroka, mara mbili alimpata.

Kutarizi anakujua kuliko mimi, nakwambia wewe tu. Siku ya picha nilimwambia akae nyuma. Yule mpiga picha akasema kitu cha kipuuzi juu ya kipara chake mwenyewe, Mgeni akacheka. Miezi minne nilikuwa sijamsikia akicheka. Ndiyo hiyo umeiona.

Nimechukua mkasi mdogo wa kukatia matundu ya vifungo nimeukata uso wake kwenye karatasi yako, duara, safi. Hiyo karatasi nakurudishia. Tumia hiyo sasa, hayumo. Kile kipande cha uso nimekitia kwenye kopo la vifungo, sikuweza kukitupa jikoni na maganda.

Mama yako

23 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama, mjomba bado anashusha mzigo.

Karatasi yako yenye tundu nimeicheka, halafu sikucheka tena. Mama, ukikata karatasi, kwenye kompyuta uso unabaki. Lakini usiogope, nimefanya kama ulivyofanya wewe: nimechukua nembo, ile sindano ndani ya duara, nimeiweka pale pale ulipokata. Imemfunika uso wote, inaonekana kama ndivyo tulivyokusudia. Imebaki mikono yake na kola, na nyuma kile kioo chako kirefu cha kujaribia nguo, kinafanya chumba kionekane kikubwa. Nilitaka kuzibadilisha picha zote niweke za kununua, ila siku zimebana, na hii ni nzuri mno.

Nimeufungua ukurasa jana. Sasa uko kwa watu. Anwani ya duka iko chini, na kuna kijisanduku ambacho mtu anaweza kukuandikia. Majibu yanakuja kwangu. Jina langu halipo popote, usiwe na wasiwasi.

Mwambie Mgeni simjui lakini namsalimu.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi, leo nina furaha, soma polepole. Mkuu wa shule hakungoja mwisho wa mwezi, amekuja mwenyewe. Kaingia kaniambia, "Mama, nilijua duka kabla sijafika, niliona dirisha." Tumepata kazi. Sare za shule nzima. Nimemkumbatia, akapata chaki begani.

Mteja mmoja alikuwa na ukurasa kwenye simu yake, akatuonyesha. Mgeni aliushika ule mkono wa mteja ukae vizuri, akatazama muda mrefu, pua karibu na kioo cha simu. Baada ya hapo akajichoma sindano mara tatu, yeye asiyejichoma hata umeme ukikatika. Nikamwambia, "Kumbe mikono yako ina haya kuliko uso?" Ameomba kuhamisha kiti kutoka dirishani. Nadhani ni ugeni wa kujiona. Hata mimi nilijiona kwenye picha ya harusi yangu nikadhani ni shangazi.

Kula. Vaa sweta.

Mama yako

1 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini mlikaa salama tangu simu ya leo asubuhi.

Nilipokupigia nikasema tu, "Mama, kile kioo kiuze leo leo," nilijua wateja wanasikia. Uliposema, "Nimeshapata mnunuzi," nikajua umeelewa.

Sasa nikueleze. Alfajiri kwenye kile kijisanduku kulikuwa na ujumbe. Hauna jina. Umeandikwa: "Huyo mwanamke kwenye kioo anakuwepo dukani siku gani?"

Kwenye kioo, Mama. Niliufunika uso wake, nikaacha kioo nyuma yake. Nikaikuza ile picha. Yumo, upande wa shavu, mdogo kama punje, lakini anacheka vile vile. Mgeni aliuona siku ile kwenye simu ya mteja. Hakutaka kukuharibia furaha. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kutazama picha, nilikuwa nikikusifia jinsi kioo kinavyokuza chumba.

Nimeifuta picha hiyo kila mahali, hata kwangu, hata kwenye kikadi. Ukurasa wote nimeujaza wale wa kununua, mwenye meno, mwenye futi shingoni na wenzake. Lakini kama yeye aliihifadhi, hiyo siwezi kuifuta.

Ondoeni pazia la dirisha pia, lile la maua. Linaonekana. Na mimi nisamehe.

Mwanao

5 Aprili

Mwanangu,

Salamu zangu. Sote tu wazima, nakwambia mapema ili usiruke mistari.

Barua yako imenikuta tumeshafanya yote. Simu ilipokatika nilifunga mlango, Mgeni akaniambia alichokiona siku ile kwenye simu ya mteja, tukakibeba kioo wawili, mimi na magoti yangu haya, tukakilaza kifudifudi chini ya kitanda changu. Pazia nimelichana vipande vya kufutia mafuta ya cherehani. Ukutani palibaki alama ya kioo, rangi safi pale kilipokuwa, na msumari wake. Nikatundika koti la mteja, lile refu jeusi.

Alikuja juzi saa nne, siku moja baada ya barua yako. Kijana mtanashati, viatu vinang'aa. "Shikamoo, mama." Adabu yake ndiyo iliyonitia baridi. Mgeni alikuwa chumba cha nyuma, pazia tu kati yetu, na mkasi mkubwa haukuwa mezani.

"Marahaba, baba. Suruali au shati?"

"Namtafuta mke wangu."

"Hapa tunashona tu, baba. Wake hatuna hata wa kukodisha." Sijui ulimi ule niliutoa wapi.

Akanionyesha simu. Amekikuza kile kioo mpaka uso umekuwa wa vidoadoa. "Huyu."

Mwanangu, nikawakumbuka watu wako. Nikacheka. "Huyo? Hao binti yangu kawanunua. Picha zinauzwa, hukujua? Fungua ukurasa uone mwenyewe."

Akafungua. Akamkuta mwenye meno. Akamkuta mwenye futi shingoni, akamgusa kwa kidole. "Na huyu yuko wapi?"

"Simjui. Ningempata mshonaji msafi vile ningemwoza binti yangu kesho."

Hakucheka. Akaitazama cherehani iliyo kwenye picha yake, akaitazama yangu. "Zinafanana."

"Cherehani nyeusi za kukanyaga zote tumbo moja, baba."

Akazunguka chumba kwa macho, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akasema, "Mama, fundi gani hana kioo?"

Hapo ndipo nilipokwisha. Nilifikiria kila kitu, hilo sikulifikiria. Nikasema kilivunjika tulipohamisha meza. Akauliza wateja wanajiona wapi. Nikasema, "Mimi ndiye ninayewaona." Akasogea kwenye koti, akashika mkono wake, akaanza kuuinua. Nikaona ile rangi safi inatokea pembeni.

Nikasema kwa ukali, kama ninavyosema na wewe ukikalia nguo ya mteja, "Liache hilo, limetoka kwenye pasi sasa hivi."

Akaliacha. Wallahi akaliacha, na akasema samahani. Mtu aliyelelewa na mama mkali mahali fulani, nadhani. Mlangoni akageuka. "Kioo kipya kinakuja lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Nitapita nijiangalie."

Atapita. Kwa hiyo nina mambo matatu ya kukwambia na mjomba wako anapiga honi.

Wale watu wa kununua waache hapo hapo walipo. Yule mwenye meno nimeanza kumzoea. Wateja wakimwulizia nawaambia yuko likizo.

La pili, sare nitazimaliza. Nitachelewa, kola sizijui kama yeye, lakini mkuu wa shule nimemwambia mwenzangu amepata safari, akaniongezea wiki mbili bila kuuliza.

La tatu. Barua hii sikumpa mjomba wako. Nimempa yule aliyekaa kando yake, na sasa hivi yuko mbele yako anangoja umalize kusoma. Picha yake umeifuta, vizuri, ndiyo nilivyotaka. Tikisa bahasha. Kuna kipande cha karatasi cha ukubwa wa kifungo, kisipotee sakafuni. Kishike karibu na taa, halafu mtazame usoni. Hatakuwa anacheka, lakini utamjua.

Ukishamjua, mpe yeye akichome mwenyewe. Kisha mkaribishe, hajala tangu asubuhi.

Mama yenu